Sifuri Iliyojaa Chembe

Mwanzoni mwa miaka ya 1970, sehemu ngumu kuliko zote ya reli ya TAZARA ilikuwa inajengwa kati ya Mlimba na Makambako, pale reli inapoliacha bonde la Kilombero na kupanda nyanda za juu kwa mahandaki na madaraja, hadi kukutana na barabara kuu iendayo Zambia. Wakati wajenzi wakipasua miamba huku kwetu, kazi nyingine kubwa ilianzia pwani ya jirani zetu. Novemba 15, 1971, roketi aina ya Scout iliruka kutoka jukwaa la San Marco, lililosimama kwa miguu ya chuma baharini karibu na Malindi, Kenya. Ilibeba setilaiti ya kilo kama 52 iliyoitwa Explorer 45.

Jukwaa lile lilikuwa la Waitaliano, matunda ya juhudi za mhandisi Luigi Broglio, na kati ya 1967 na 1988 lilirusha setilaiti tisa. Wamarekani waliipeleka Explorer 45 huko kwa sababu ya mahali penyewe. Kitu kinachorushwa kutoka digrii tatu hivi kusini mwa ikweta huzunguka dunia karibu sambamba na ikweta, na huko juu ya ikweta ndiko zinakokusanyika chembe walizotaka kuzipima: protoni na elektroni, vipande vyepesi vya atomi vilivyonaswa na usumaku wa dunia, vikienda kwa kasi kubwa mno.

Nakiandika kisa cha upimaji huo kwa ajili ya vijana wa Njombe na Makambako ambao riziki yao imo katika kupima: wapima ardhi wanaochora mipaka vijijini, mabwana shamba wanaofuatilia mvua, wanunuzi wa mazao, wanafunzi walio katika maabara za fizikia. Funzo lake ni moja. Kila kipimo kina mwisho wake, na asiyeujua mwisho huo atadanganywa na namba aliyoisoma bila kukosea.

Kisa kinaanzia miaka kumi na mitatu kabla ya roketi ile ya Malindi. Usiku wa Januari 31, 1958, Marekani ilirusha setilaiti yake ya kwanza, Explorer 1, kutoka Florida. Profesa James Van Allen wa Chuo Kikuu cha Iowa alikuwa ameweka ndani yake kaunta ya Geiger ili ahesabu miale inayotoka mbali angani. Alitarajia chembe kama 30 kila sekunde, zikiongezeka kidogo kadiri setilaiti inavyopanda juu.

Kaunta ya Geiger ni bomba dogo lenye gesi, na katikati yake umepita waya wenye umeme wa mamia ya volti. Chembe ikipenya ukuta wa bomba, hung'oa elektroni kwenye atomi za gesi, umeme unaruka kuelekea kwenye waya, na sakiti inahesabu mpigo mmoja. Baada ya kila mpigo bomba linahitaji muda kidogo sana kujirudi kabla ya kuipokea chembe inayofuata. Chembe zikija kwa utaratibu, hesabu inakwenda sawa. Zikija kwa mkupuo, bomba halipati nafasi ya kujirudi, mipigo inazidi kuwa midogo, na sakiti iliyopangwa kuhesabu mipigo mikubwa haioni kitu. Inaandika sifuri.

Hilo ndilo lililotokea. Setilaiti ilipokuwa chini, hesabu ilikuwa kama ilivyotarajiwa. Ilipokuwa juu sana, hasa angani mwa Amerika Kusini, vituo vya ardhini vilipokea sifuri. Na kwa kuwa Explorer 1 haikuwa na kinasa sauti cha kuhifadhi hesabu, wanasayansi walipata vipande tu, kila setilaiti ilipopita juu ya kituo. Kutokana na vipande hivyo ilikuwa rahisi kuamua kwamba kaunta imeharibika, au kwamba huko juu hakuna chembe.

Machi 26, 1958 ilirushwa Explorer 3, ikiwa na kinasa sauti kidogo kilichotengenezwa na mwanafunzi wa Van Allen, George Ludwig. Safari hii mzunguko mzima uliandikwa. Van Allen alipoichora hesabu ile kwa penseli kwenye karatasi, aliona umbo lisilofanana na kifaa kibovu. Hesabu ilianza chini, ikapanda haraka hadi 128 kwa sekunde, ambao ndio ulikuwa mwisho wa uwezo wa kifaa, kisha ikaanguka ghafla hadi sifuri na kukaa hapo karibu robo saa. Halafu ikaruka tena hadi mwisho wa uwezo, na kushuka kama ilivyopanda. Kifaa kilichokufa hakifufuki kila mzunguko mahali palepale.

Mwanafunzi mwingine wa Iowa, Carl McIlwain, ndiye aliyefanya kazi ambayo kila mpimaji anapaswa kuikumbuka. Alichukua kaunta ya akiba, ndugu wa ile iliyokuwa angani, akaiweka mbele ya mashine ya eksirei na kuongeza mionzi hatua kwa hatua. Kaunta ilihesabu, ikahesabu zaidi, ikafika mwisho wake, kisha ikaandika sifuri. Hapo jambo likawa wazi: setilaiti ilikuwa imepita mahali penye chembe nyingi kuliko mara elfu ya zile zilizotarajiwa. Mei 1, 1958 Van Allen aliutangazia ulimwengu kwamba dunia yetu imezungukwa na mikanda ya mionzi.

Anayetaka kuielewa sifuri ile aende sokoni Makambako msimu wa viazi mviringo. Kanuni za vipimo nchini zinataka gunia lisizidi kilo 100, lakini mkulima wa Njombe anaijua lumbesa, gunia lililoongezewa kilemba juu na kujazwa hadi likavimba. Liweke gunia hilo juu ya mizani ya dijitali iliyotengenezwa kupima kilo 100 tu. Kioo hakitaandika 130. Kitaonyesha vistari, na vistari hivyo ni uaminifu wa mizani: inakiri kwamba mzigo umepita uwezo wake. Kaunta ya Explorer 1 haikuwa na vistari. Ilipozidiwa iliandika namba ileile ambayo ingeandika kama kungekuwa hakuna kitu. Kama si mtu aliyejua ndani ya bomba kuna nini, mikanda ile ingebaki imefichwa ndani ya sifuri.

Kuna upande wa pili wa kisa hiki, na unauma zaidi. Wasovieti walikuwa wametangulia. Novemba 3, 1957 walirusha Sputnik 2, ile inayokumbukwa kwa sababu ya mbwa Laika. Ndani yake mlikuwa na kaunta za mwanafizikia Sergei Vernov. Lakini setilaiti ile ilikuwa chini ilipopita juu ya Muungano wa Sovieti na juu sana ilipofika nusu ya kusini ya dunia, kwa hiyo vituo vya nyumbani vilisikia sehemu ya mzunguko isiyoingia ndani kabisa ya mikanda. Hata ongezeko waliloliona lilihusishwa na Jua. Huko Australia ishara za setilaiti hiyo zilinaswa ilipokuwa juu, lakini Waaustralia hawakupewa ufunguo wa kuzisoma, na walionasa na waliokuwa na ufunguo hawakukaa meza moja. Namba zilikuwapo na wataalamu walikuwapo. Kilichokosekana ni kuaminiana. Leo mikanda ile inaitwa mikanda ya Van Allen.

Sasa turudi kwenye setilaiti ya Malindi. Explorer 45 ilizunguka dunia kila baada ya saa karibu nane, ikishuka hadi kilomita mia chache juu ya ardhi na kupanda hadi karibu kilomita 27,000. Kazi yake kuu ilikuwa kuupima mkondo unaojitengeneza kwa umbo la pete kuizunguka dunia wakati wa dhoruba za sumaku. Jua likitupa gesi yake yenye umeme kuelekea kwetu, chembe zilizonaswa huongezeka na kupata nguvu. Protoni husogea kuelekea magharibi na elektroni kuelekea mashariki, na kwa kuwa chaji zao ni kinyume, zote kwa pamoja huwa mkondo mmoja wa umeme unaokwenda magharibi. Mkondo huo hupunguza usumaku wa dunia ardhini. Ndiyo maana vituo vinne, Hermanus cha Afrika Kusini, Kakioka cha Japani, Honolulu cha Hawaii na San Juan cha Puerto Rico, hutumika hadi leo kupima ukubwa wa kila dhoruba kwa kuangalia usumaku umepungua kiasi gani.

Haukupita mwezi na siku chache tangu irushwe, setilaiti ikapata dhoruba nzuri ya kupima, Desemba 17, 1971. Kisha Agosti 4, 1972 ikaja dhoruba kubwa mno. Siku hiyo mabomu mengi ya baharini yenye vihisio vya sumaku, ambayo jeshi la Marekani lilikuwa limeyatega pwani ya Vietnam Kaskazini, yalilipuka yenyewe, na nyaraka za jeshi zilizofunguliwa miaka mingi baadaye zinakubali kwamba chanzo kilikuwa ni Jua. Explorer 45, mtoto wa jukwaa la Malindi, ilikuwa ndani ya mkondo ule ikihesabu.

Ilihesabu vizuri. Kosa lilikuwa katika jina. Katika kiwango cha nguvu kinachoubeba mkondo, vifaa vyake vikuu vilipima nguvu ya kila ioni, yaani atomi iliyopoteza elektroni, bila kuuliza uzito wake, na wasomaji wa namba waliziita ioni zote protoni. Ilionekana ni busara: Jua limejaa haidrojeni, na protoni ni kiini cha haidrojeni. Lakini mwaka 1976 watafiti walioirudia data ya Explorer 45 waliona jambo lisilokaa sawa. Protoni inayozunguka huko juu hukutana na atomi baridi za haidrojeni, hunyakua elektroni, hupoteza chaji yake na kutoka katika mtego wa sumaku. Kwa nguvu ndogo, protoni zinapaswa kuisha ndani ya saa chache. Zile za Explorer 45 zilichelewa kuisha. Mmoja akasema huenda si protoni, huenda ni heli.

Jibu kamili lilihitaji kifaa cha aina nyingine, na kilikuja na mradi wa AMPTE wa Marekani, Ujerumani Magharibi na Uingereza, uliorushwa Agosti 16, 1984. Kifaa chake kilipima vitu viwili kwa wakati mmoja: nguvu ya ioni, na muda inaotumia kupita umbali unaojulikana. Oksijeni ni nzito mara 16 kuliko haidrojeni, kwa hiyo ikiwa na nguvu ileile huenda kwa robo ya kasi. Ioni mbili zilizoonekana pacha zikatengana kwa saa. Na hapo ikagundulika kwamba katika dhoruba kubwa, sehemu kubwa ya mkondo, wakati mwingine nusu au zaidi, ni oksijeni. Oksijeni hiyo haikutoka kwenye Jua. Ilitoka kwenye anga ya juu ya dunia yetu wenyewe, ikavutwa na kupewa nguvu na dhoruba. Kwa zaidi ya miaka kumi wanasayansi walikuwa wameipima sehemu ya hewa ya dunia na kudhani ni zawadi ya Jua.

Kosa hilo lina ndugu yake, na lilidumu zaidi. Katika mkanda wa ndani wa mionzi, protoni zenye nguvu kubwa sana hupenya kinga ya vifaa na kuhesabiwa kama elektroni. Kwa miongo mingi ramani za mkanda ule ziliwaonyesha wahandisi elektroni zenye nguvu kubwa. Agosti 30, 2012 zilirushwa setilaiti mbili zilizopewa jina la Van Allen mwenyewe, zikiwa na vifaa vilivyotengenezwa kwa makusudi kuzitenganisha chembe hizo mbili. Mwaka 2015 matokeo yakatangazwa: elektroni za nguvu ile karibu hazikuwepo kabisa katika mkanda wa ndani kwa kipindi kilichopimwa. Kaunta za zamani hazikusema uongo. Ziliguswa, zikahesabu. Waliozisoma ndio waliosahau kuuliza nani aligusa.

Kijana wa Njombe anaweza kuuliza mambo haya ya kilomita 27,000 yanamhusu nini. Yanamhusu kila anapotembea na simu au kifaa cha GPS kuzunguka shamba la parachichi. Setilaiti za GPS huzunguka kilomita 20,200 juu yetu, ndani ya eneo la mkanda wa nje wa mionzi, na zinadumu huko kwa sababu wahandisi waliojenga kinga zao walikuwa na vipimo vya chembe vya miaka mingi. Ishara zao zikishuka hupita katika ionosfia, tabaka la anga ya juu lenye elektroni nyingi, na tabaka hilo huzichelewesha. Eneo letu la dunia, katika ukanda ulio pande zote mbili za ikweta ya sumaku, lina ionosfia nzito na yenye misukosuko, hasa baada ya jua kuzama, na zaidi miezi ya karibu na Machi na Septemba katika miaka ambayo Jua limechangamka. Dhoruba ya Mei 10 na 11, 2024, kubwa kuliko zote tangu 2003, iliwasimamishia wakulima wa Marekani na Kanada matrekta yanayoongozwa na setilaiti katikati ya msimu wa kupanda.

Huku kwetu hatuna matrekta mengi ya aina hiyo, lakini tuna mipaka. Hati ya hakimiliki ya kimila, inayotolewa chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya 1999, inaanza na mtu aliyeshika kifaa pembeni mwa shamba. Mita tatu za makosa kwenye ramani ni kitu kidogo. Kwa majirani wawili wenye msitu wa misonobari au bustani ya chai, mita hizohizo ni kesi ya kurithisha watoto. Kifaa kitaonyesha namba zenye desimali nyingi, na desimali hizo hazithibitishi usahihi.

Kwa hiyo wewe unayepima, chukua mambo matatu kutoka kisa hiki.

La kwanza, kijaribu kifaa kwa kitu unachokijua kabla ya kukiamini kwa usichokijua. McIlwain hakubishana na sifuri. Aliipeleka kaunta mbele ya mionzi aliyoidhibiti mwenyewe. Mpima ardhi aanze kazi kwenye bikoni ambayo majira yake yamethibitishwa, na amalizie siku hapohapo. Namba zikitofautiana, kazi yote iliyo katikati irudiwe, hata kama jua linakaribia kuzama. Na kama linakaribia kuzama, ni vema irudiwe kesho asubuhi.

La pili, jiulize kifaa chako kinaweza kukichanganya kitu gani na kipi. Makadirio mengi ya mvua yanayotoka kwenye setilaiti yanasoma ubaridi wa vilele vya mawingu, kwa hesabu kwamba wingu refu na baridi ndilo lenye mvua. Njombe ina siku nyingi za mawingu mafupi yanayolala juu ya vilima na kumwaga manyunyu ya kutwa nzima. Setilaiti inaweza kuikosa mvua hiyo, na bwana shamba anayeshauri kwa kutazama kioo tu atamwambia mkulima udongo ni mkavu wakati viazi vinaoza. Chombo cha kupimia mvua kilichowekwa uwanjani, kikasomwa kila asubuhi saa tatu, ndicho shahidi wa pili.

La tatu, hifadhi namba ghafi na uwape wengine. Kosa la Explorer 45 liligunduliwa kwa sababu hesabu zake zilihifadhiwa na kufunguliwa kwa watu wenye maswali mapya, wakati setilaiti yenyewe ilikuwa imeshazimwa tangu Septemba 1974. Kaunta za Sputnik 2 zilipita katika mikanda ileile, na mavuno yake yakapotea kati ya nchi mbili zisizoaminiana. Ofisi inayofungia daftari la mvua kabatini, au kampuni inayoficha vipimo vya udongo vya mashamba ya wakulima wenyewe, inarudia hasara hiyo kwa kiwango cha kijiji.

Na pale unapopaswa kuandika sifuri, iandike pamoja na sentensi moja ya ziada: kifaa changu kingeweza kuona kuanzia kiasi gani hadi kiasi gani. Ni sentensi fupi, haigharimu chochote, na mkubwa wako anaweza kuiona haina maana. Iandike hivyo hivyo. Atakayeisoma baada yako atajua kama ulikuta mahali patupu, au ulikuta kitu kikubwa kuliko kipimo ulichokuwa nacho.